Duara Jeusi Ambalo Mume Wangu Hakuliona

Nilifundisha fizikia miaka thelathini na ushei, na katika miaka yote hiyo sikumpa mwanafunzi alama kwa jibu tupu. Onyesha njia, nilikuwa nawaambia, hata kama njia yenyewe inakuaibisha. Sasa zamu yangu imefika. Mwaka niliostaafu, mume wangu alikuwa anapoteza macho yake kidogo kidogo, tukiwa nyumba moja, meza moja, kitanda kimoja. Na mimi, mwalimu mzima wa fizikia, nilikuwa nagombana naye kuhusu darubini.

Darubini yenyewe niliachiwa na mhadhiri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mizigo yake ilikuwa imezidi, akaniambia, "Mwalimu, chukua wewe, utaitumia kuliko mimi." Ni bomba jeupe lenye miguu mitatu, kwa mbele kioo kikubwa, kwa nyuma tundu la kuchomekea lenzi ya kuangalizia. Juu yake akanipa na kisanduku, ndani kuna kichwa cha macho mawili. Hicho ni kifaa unachokichomeka pale nyuma, kina prizimu tumboni zinazougawa mwanga, nusu unakwenda jicho hili na nusu jicho lile, kila jicho na lenzi yake. Unaangalia kwa macho yote mawili, umetulia, badala ya kukunja uso kufumba jicho moja kama mtu aliyelamba ndimu. Nilikipenda kabla hata sijakifunga.

Nyumba yetu iko Bigwa, na barazani kwetu milima ya Uluguru yote iko mbele yako. Siku ya kwanza nilifunga kila kitu saa kumi jioni, mawingu meupe yamekaa juu ya mlima, nikaelekeza bomba pale msitu unapokutana na wingu. Nikaona mti mmoja mmoja. Nikaona maji yanateremka kwenye jabali. Lakini pembeni, pande zote, palikuwa na giza. Katikati picha inang'aa, ukisogea nje inafifia, kisha duara jeusi limezunguka kama unachungulia ndani ya bomba la maji.

"Baba watoto," nikaita, "hebu njoo uone kituko hiki."

Mume wangu alikuwa fundi wa kukereza vyuma kiwandani mpaka alipostaafu, na mtu wa vyuma ukimwita kwenye kifaa huja haraka. Akainama, akaangalia.

"Safi," akasema.

"Safi nini? Huoni weusi pembeni?"

"Weusi upi? Naona miti. Naona mpaka banda la mtu kule juu, na bati lake limetoboka."

"Pembeni, nimesema! Pembeni!"

"Mwalimu, umeanza," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Kuna namna ya mume kusema "safi" ambayo maana yake ni niache nipumzike. Mimi nimeishi na "safi" hiyo miaka mingi, ya chakula, ya nguo, ya mapazia. Nikaona hii ni ileile. Nikajiapia: duara hili nitalijua linatoka wapi, nitalitoa, halafu nitamwita aone tofauti, akiri mbele yangu kwamba lilikuwepo.

Nikaanza kama nilivyowafundisha watoto wa watu. Badilisha kitu kimoja, viache vingine vyote, angalia, andika. Kwanza nikadhani macho yangu hayajakaa sawa kwenye zile lenzi mbili, maana ukikaa vibaya kivuli chenye umbo la haragwe kinaingia upande mmoja na kinahama ukihamisha kichwa chako. Nikapanua kichwa kile, nikakibana, mpaka kikalingana na nafasi kati ya macho yangu. Duara halikuhama hata nywele. Nikahamisha lenzi ya kulia kwenda kushoto na ya kushoto kwenda kulia. Lipo palepale. Nikafuta vioo kwa kitambaa laini, nikapuliza vumbi. Lipo. Nikang'oa kichwa chote, nikachomeka lenzi moja peke yake kwenye bomba. Duara likaondoka! Picha imejaa nyeupe mpaka ukingoni.

Basi, mwizi yuko ndani ya kichwa kile cha macho mawili. Nilimweleza jirani yangu, mama muuza maandazi, akaja na unga mikononi, akaangalia kichwa kikiwa kimerudishwa.

"He! Mwalimu, mbona kama niko kisimani naangalia juu?" akasema.

"Umesikia?" nikamgeukia mume wangu. "Mtu hajasoma hata fizikia, na ameona."

"Kila mtu na macho yake," akajibu. Hata hakunyanyua uso.

Ningekuwa na akili siku hiyo, ningeishia hapo. Sentensi yenyewe ilikuwa imekwisha kusemwa. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira haisikii.

Wiki iliyofuata yote nilikuwa na kichwa kile mezani. Kwenye mdomo wake kulikuwa na lenzi ndogo ya nyongeza, ambayo kazi yake ni kuisukuma picha nyuma, maana mwanga ukipita kwenye prizimu unasafiri njia ndefu zaidi. Nikaitoa. Picha ikakataa kabisa kukaza, ukungu mtupu, hata nikirudisha bomba la nyuma mpaka mwisho wake. Nikairudisha lenzi. Hapo nikabaki na jambo moja la kupima: upana wa mlango ambao mwanga unapitia kwenye prizimu. Nikamwomba mume wangu kalipa yake, kile kipimo cha mafundi chenye meno na mistari midogo, na akakataa kunipa mkononi.

"Utaiangusha," akasema. "Leta nipime mimi."

Akakaa karibu na dirisha, akaibana kalipa kwenye tundu la prizimu, akaisoma. "Milimita ishirini na mbili kasoro kidogo." Akabana kwenye pete iliyo ndani ya lenzi ya kuangalizia. "Hii ishirini na saba." Zile alama za kalipa ni nyembamba, mimi na miwani yangu nazitafuta kwa shida. Yeye alizisoma kama bango la barabarani, na bila miwani. Ndiyo maana, ukiniuliza nani mwenye macho mazuri kati yetu, ningekuapia ni yeye.

Jibu likawa limepatikana. Lenzi zangu zilikuwa zinataka kuona eneo la upana wa ishirini na saba, na mlango wa prizimu unapitisha ishirini na mbili tu. Kilichozidi kinakatwa, na palipokatwa ndipo pale peusi. Prizimu huwezi kuzitanua. Unachoweza ni kutafuta lenzi nyingine zenye jicho dogo zaidi, ambazo hazitamani kuona mpaka kule kwenye ukuta. Ukiwa nazo, giza bado lipo, ila liko nje ya unachokiangalia, na wewe hujui kama lipo.

Mwanafunzi wangu wa zamani aliye Dar akanitafutia jozi. Zikaja na basi, nikaenda stendi ya Msamvu mwenyewe kuchukua kifurushi, nikarudi nimekipakata. Jioni ileile nikafunga. Duara limekwenda! Mlima umejaa picha nzima, duara dogo kidogo kuliko la mwanzo, lakini safi, ukingo umekatwa kama sarafu. Nilipiga kigelegele peke yangu barazani, ungedhani mjane ameposwa.

"Baba watoto! Njoo sasa!"

Akaja. Nikamwonyesha kwa lenzi mpya. Nikazitoa, nikaweka za zamani, nikamwonyesha tena. Nikarudia mara mbili, asije akasema sikumpa nafasi.

"Haya, sema. Ipi na ipi?"

"Mwalimu, nisikudanganye," akasema. "Zote sawa."

"Sawa?"

"Hizi za zamani zinasogeza mlima mbali kidogo. Hizo mpya zinauleta karibu. Weusi sijauona, si huku wala kule."

Nilifungua mdomo nimtolee maneno yote niliyoyaweka akiba wiki tatu. Nikamtazama. Hakuwa anatania, wala hakuwa na ile "safi" ya kutaka kupumzika. Alikuwa ananiangalia kama mwanafunzi aliyejitahidi na bado hajui amekosea wapi. Na hapo ndipo akili yangu ya kazi iliporudi. Nilikuwa nimebadilisha lenzi. Nimebadilisha kichwa, nafasi, mwanga, saa. Kitu kimoja tu sikukipima hata siku moja, na kilikuwa kimesimama mbele yangu kimevaa kandambili.

"Kaa hapa," nikasema. Sauti yangu yenyewe niliishangaa.

Nikaweka viti viwili, magoti yake na yangu yanagusana. Nikamwambia afumbe jicho la kushoto kwa kiganja, aniangalie puani, asihamishe jicho. Nikanyoosha mkono wangu pembeni, nikawa natikisa kidole, naleta taratibu kuelekea katikati. "Ukikiona, sema."

Kidole kikapita bega langu. Kimya. Kikapita sikio. Kimya. Kikafika usawa wa shavu langu ndipo akasema, "Hicho hapo." Nikarudia upande mwingine, nikarudia jicho la pili. Jicho la kushoto lilikuwa baya zaidi.

"Vipi?" akauliza.

"Kesho tunakwenda kupima macho."

"Macho yangu hayaumi."

"Sijauliza kama yanauma," nikamwambia, nikaingia ndani nikalia kwenye kanga, mdomo nimeuziba asisikie.

Kliniki ya macho walimwekea mashine, anaangalia nukta katikati, taa ndogo zinawaka huku na kule, kila akiona anabonyeza. Nilikaa nje ya mlango nikisikia mbonyezo. Ulikuwa unasikika mara chache mno. Karatasi ilipotoka, daktari aliiweka mezani: katikati peupe, kuzunguka kote weusi. Sikuhitaji kuelezwa. Kwa wiki tatu nilikuwa nimeichora picha hiyohiyo kwenye daftari langu.

Ni presha ya macho, daktari akasema, na imekaa miaka. Haiumi. Inakula kuanzia pembeni, na katikati inaacha mpaka mwisho, kwa hiyo mtu anasoma, anashona, anapima vyuma, anajiona mzima. Akamuuliza mume wangu kama huwa anaona giza pembeni. Hapana, akasema, giza hajawahi kuliona. Daktari akatikisa kichwa, akaeleza kwamba ubongo hauchori giza pale jicho lisipoona. Unaacha tu, na mtu hajui kama kuna kitu kimekosekana. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone, kila siku, bila kuruka, maisha yake yote.

Kisha akauliza swali lake la kwenye fomu. "Mzee, katika ukoo wenu kuna aliyewahi kupofuka?"

"Hapana," mume wangu akajibu bila kufikiri.

Nikageuka kitini. "Hapana? Na baba yako?"

Mimi baba mkwe wangu nilimkuta anatembea na fimbo, anashikwa mkono na wajukuu kwenda chooni. Siku ya kwanza napelekwa kule mlimani kutambulishwa, alinipapasa uso ili anijue.

Mume wangu akanitazama kama mimi ndiye niliyepotea. "Baba si ukoo wangu. Ameuliza ukoo."

Daktari akaweka kalamu chini. Mume wangu ni Mluguru wa milimani hasa, na kwao mtu ni wa ukoo wa mama yake. Baba anapendwa, anaheshimiwa, anazikwa kwa heshima zote, lakini yeye ni wa ukoo wa mama yake mwenyewe, ukoo mwingine huko. Kwa hiyo mtu mzima huyu, muungwana, alikuwa amemjibu daktari ukweli mtupu, na ukweli huo ulikuwa umeificha fimbo ya baba yake.

"Macho hayajui ukoo, mzee," daktari akasema. "Ndugu zako wa kuzaliwa wapimwe. Na watoto. Mapema."

"Watoto nitawaita," mume wangu akasema.

Nilijua anaowasema. Kwao mjomba ndiye mwenye watoto, na watoto wenyewe ni wa dada zake. Nikanyamaza. Tuna binti mmoja tu, mimi na yeye. Kwa hesabu ya Uluguru, binti huyo ni wa ukoo wangu mimi mama. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, na kwetu mtoto ni wa baba, kwisha habari. Tulikuwa tukimtania tangu mdogo kwamba ameangukia katikati, hana kwao. Yeye ni fundi cherehani hapa mjini, hana hata thelathini, anatunga uzi kwenye sindano huku anaongea na simu. Ningependa kusema nilimsahau siku ile. Sikumsahau. Nilijiambia amefanana na mimi, uso wangu, nywele zangu, na macho lazima yatakuwa yangu. Niliogopa, na niliiita hofu hiyo kwa majina mengine.

Wale wa mlimani hawakutaka kushuka. Macho hayaumi, hospitali ya nini, tuna mashamba. Mume wangu akapiga simu mara moja tu. "Mimi mjomba wenu nawaita. Jumapili mje kwangu, Jumatatu tunakwenda kupimwa." Mjomba akiita kwa sauti ile, watu hushuka. Dada zake wawili wakaja, na wapwa saba, wengine na bodaboda, wengine kwa miguu mpaka barabarani, na mikungu ya ndizi juu.

Nami nilikuwa na mpango wangu. Nilitaka waelewe kabla ya Jumatatu ni kitu gani mjomba wao hakioni, ili asitoroke mtu usiku na ndizi zake. Nilikuwa nimemuuliza daktari, akaniambia wazi kwamba darubini si kipimo. Mgonjwa anaweza kuliona duara, na mzima anaweza asiligundue. Nikamwambia naelewa. Asubuhi ya Jumapili nikazitoa lenzi mpya, nikarudisha zile kubwa, na duara langu jeusi likarudi lote.

Wakapanga foleni barazani, mawingu yamekaa vizuri juu ya mlima. Mmoja baada ya mwingine wakainama.

"Mama, mbona huku pembeni kiza?"

"Mjomba, darubini yenu imevaa kofia mpaka machoni!"

Dada mkubwa wa mume wangu akasema ameona vizuri katikati lakini kando amezibiwa, nani amemzibia? Tukacheka. Mimi nikawa nawaeleza, kila mmoja, kwamba hicho kiza wanachokiona ndicho mjomba wao hakijui kama kipo. Kicheko kikapungua. Wote tisa waliliona duara, na wote tisa wakakubali Jumatatu bila ubishi. Nikashusha pumzi. Nilijiona mshindi, kusema kweli, nilijiona nimemaliza kazi.

Binti yetu alikuwa jikoni tangu asubuhi na pilau. Akatoka na sinia la vikombe vya chai, akamwamkia shangazi yake mmoja, ambaye hakuwa amemwona akifika, akampa baba yake kikombe mkononi. "Na mimi nione basi," akasema. "Mnanipitisha tu kama mfanyakazi."

Akajipangusa mikono kwenye kanga, akainama. Akaangalia muda mrefu. Mimi nilikuwa namwelekeza mpwa mmoja pa kulala.

"Mama, nzuri!" akasema. "Mawingu yamejaa kabisa."

Nikageuka. "Yamejaa wapi?"

"Kote. Mpaka mwisho."

"Na pembeni?"

"Pembeni ndiyo nasema, kumejaa. Kwani kulikuwa na nini?"

Dada mkubwa wa mume wangu akashika kifua. Mimi nilitaka kusema kitu, cha mwalimu, kwamba hicho si kipimo, kwamba mzima pia anaweza asilione, daktari mwenyewe kasema. Nilikuwa nimempima mama muuza maandazi, nimepima watu tisa kutoka mlimani, na mwanangu mwenyewe nimemwacha jikoni.

Mume wangu akaweka kikombe chini. Alikiweka kwa uangalifu, akipapasa ukingo wa meza kwanza, siku hizo alikuwa ameanza kujifunza hivyo. Akasimama mbele ya dada zake na wapwa zake wote, ambao ndio ukoo wake, ambao ndio aliowaita.

"Kesho," akasema, "wa kwanza kuingia kwa daktari ni huyu. Ninyi mtamfuata. Huyu ni mwanangu, na macho hayo nimempa mimi."

Binti yetu alikuwa bado ameinama kwenye darubini, anauliza nani anaingia wapi.